Aibu haimtibu mtu

Nyumba moja inaweza kuwa na wagonjwa wawili na mtaa ukamjua mmoja tu. Kaka anayevuta unga anajulikana: feni ya sebuleni imeuzwa, simu ya mama imetoweka, majirani wakimwona anakatiza wanaanua nguo kambani. Dada yake hajulikani. Saa saba za usiku anakula wali uliolala, mkate mzima na chochote kilichobaki kwenye friji, anaingia bafuni, anafungulia bomba ili maji yafunike sauti, kisha anajitapisha. Asubuhi shangazi anamsifu kwa umbo lake.

Wakikaa wote wawili mbele ya mshauri nasaha anayeijua kazi yake, atakuta wanafanana kuliko familia inavyodhani. Kila mmoja ameapa kuacha, na aliapa kwa dhati. Kila mmoja amejifunza kuwadanganya watu anaowapenda. Kila mmoja anapata nafuu ya muda mfupi kutoka kwa kitu kinachomwangamiza, na nafuu ikiisha anajichukia, na kule kujichukia kunamrudisha palepale. Maradhi haya mara nyingi hukutana ndani ya mtu mmoja, hasa kwa wanawake: miongoni mwa wanaotibiwa pombe au dawa za kulevya, wenye matatizo ya ulaji ni wengi kuliko miongoni mwa wanawake wengine. Ndiyo maana katika nchi zenye wataalamu wa kutosha, wapo washauri waliojifunza kushughulikia yote mawili kwa pamoja.

Kwetu wataalamu wa aina hiyo wanahesabika. Lakini mbinu zao si siri wala hazihitaji mashine, na msingi wake ni jambo ambalo kila mzazi, shehe, padri, muuguzi na mwalimu anaweza kulielewa. Silaha tunayoikimbilia kwanza kwa wagonjwa hawa, yaani kuwaaibisha, ndiyo inayowazamisha. Sisemi hivi kwa huruma tu. Jambo hili limepimwa.

Kusutwa hakuponyi

Pwani tunajua kusuta. Mtu akidaiwa kukosa, wanawake hujikusanya, khanga za sare huvaliwa, matarumbeta huitwa, na mkosaji huambiwa maovu yake mlangoni kwake mtaa mzima ukisikia. Kwa miaka mingi tiba ya uraibu huko Marekani ilisimama juu ya imani ya namna hiyo: mraibu ni mwongo, anayakana maradhi yake, na kazi ya anayemtibu ni kumvunja mpaka akubali. Mwaka 1958, huko Santa Monica katika jimbo la California, Charles Dederich, aliyekuwa mlevi akaacha, alianzisha jumuiya iliyoitwa Synanon. Kiini cha tiba yake kilikuwa kikao ambacho watu walikaa duara, wakamgeukia mmoja wao na kumshambulia kwa maneno kwa muda mrefu, aibu zake zote zikitajwa. Synanon yenyewe iliishia pabaya. Mwaka 1978 wafuasi wake walimtegea wakili Paul Morantz nyoka wa sumu ndani ya sanduku lake la barua, akang'atwa, akanusurika. Lakini kufikia wakati huo mtindo wa kikao kile ulikuwa umeshaingia katika nyumba nyingi za tiba.

Mzazi wa Afrika Mashariki anayemfungia mwanawe chumbani kwa kufuli, au anayemwita mtu aje kumnyoa kipara na kumtandika, hajapata kulisikia jina la Synanon. Imani yao ni moja.

Aliyeitilia shaka imani hiyo kwa vipimo ni William Miller, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New Mexico. Mwaka 1980 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa walevi waliohudumiwa na washauri mbalimbali. Mafunzo yalikuwa yaleyale, lakini matokeo yalitofautiana sana kutoka mshauri hadi mshauri, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na jinsi mshauri alivyojua kusikiliza na kumwelewa mtu aliye mbele yake. Mwaka 1993 walichapisha uchunguzi mwingine, na matokeo yake yalipaswa kubandikwa ukutani katika kila nyumba ya upataji nafuu: kadiri mshauri alivyombana na kumpinga mteja wake, ndivyo mteja huyo alivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Katikati ya tafiti hizo mbili kuna safari ya Norway. Mwaka 1982 Miller alikuwa katika kliniki ya Hjellestad, karibu na mji wa Bergen, na wanasaikolojia vijana wa pale walimwomba awaonyeshe anavyozungumza na mlevi. Wao waliigiza wagonjwa, yeye akaigiza mshauri, na kila mara walimkatiza: kwa nini umeuliza swali hilo na si lingine? Kwa nini umerudia neno lake hili ukaliacha lile? Katika kujibu aligundua kwamba alikuwa anafuata kanuni ambazo hakuwahi kuziandika. Akaziandika, zikachapishwa mwaka 1983. Baadaye alikutana na Stephen Rollnick, mwanasaikolojia mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Wales, na mwaka 1991 wawili hao wakatoa kitabu ambacho kimebadilisha tiba ya uraibu duniani.

Rollnick naye alikuwa na sababu yake. Akiwa kijana alifanya kazi ya usaidizi wa wauguzi katika kituo cha kutibu walevi huko Afrika Kusini, ambako wagonjwa walibanwa katika vikundi ili wakiri. Mmoja wao alikuwa hasemi, na ukimya wake ulihesabiwa kuwa ukaidi. Siku moja mtu yule aliondoka, akampiga mkewe risasi, kisha akajipiga na yeye, watoto wao wakiona. Rollnick amelieleza tukio hilo mara kadhaa kuwa ndilo lililomfanya atafute njia nyingine ya kuzungumza na watu.

Kanuni walizoandika zinaanza na jambo la kawaida kabisa: mraibu ana nia mbili. Anataka kuacha na hataki kuacha, kwa wakati mmoja, na pande zote mbili ni zake kweli. Ukisimama upande wa kuacha ukaanza kuhubiri, unamwachia upande mmoja tu wa kuutetea, na ataujaza hoja. Akishajisikia mwenyewe akisema kwamba hana tatizo, ataliamini neno hilo zaidi kuliko lako. Basi mshauri anafanya kinyume. Anatafuta kwa subira yale maneno ya kuacha ambayo tayari yamo ndani ya mtu, anamsaidia ayatamke kwa kinywa chake, kisha anamrudishia ayasikie.

Nitatoa mfano wa kubuni. Kijana ameletwa na mama yake. Mshauri ni mwanamke wa makamo.

"Karibu, mwanangu. Umekuja na mama."

"Kanileta yeye. Mimi sina shida, mama. Unga naumudu."

Hapa wengi wetu tungeruka: unaumudu vipi na umeuza kitanda cha bibi yako? Naye angejitetea, na mazungumzo yangeishia hapo. Mshauri huyu anasema:

"Kwa hiyo kuja hapa halikuwa wazo lako. Na bado umekuja."

"Nimechoka na kelele za nyumbani."

"Kelele zimekuchosha. Hebu niambie, unga wenyewe unakusaidia nini?"

Swali hilo hajawahi kuulizwa. Anafikiri.

"Mwili unatulia. Arosto inakata. Mawazo yanapungua."

"Unapata utulivu. Na upande wa pili je?"

"Upande wa pili... mtoto wangu ananiogopa, mama. Juzi kaniona akakimbilia kwa jirani."

"Na wewe ungependa akikuona asikimbie."

"Nani asiyependa?"

Mpaka hapo mshauri hajatamka neno "acha" hata mara moja. Habari ya mtoto imetoka kwa baba wa mtoto, bila kuvutwa kwa nguvu, na kuanzia sasa ndiyo itakayoongoza kazi. Wanaodhani huku ni kumdekeza mtu wajaribu siku moja kukaa na ndugu aliyewaibia, wamsikilize bila kumkatiza. Wataona ni kazi ngumu kiasi gani.

Mwaka 1997 yalitoka matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani uliojulikana kama Project MATCH, wa walevi 1,726. Waliopata vikao vinne tu vya mazungumzo ya namna hii walifanya vizuri takriban sawa na waliopata vikao 12 vya tiba nyingine mbili zilizoheshimika. Kwa nchi zenye wataalamu wachache, hiyo ni habari ya kutiliwa maanani.

Mwili kwanza

Hata hivyo, mazungumzo hayafanyiki na mtu aliye kwenye arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Mafua yanamtiririka, tumbo linaharisha, mifupa inamuuma kama imevunjwa, hajalala usiku kucha. Kumuuliza mtu huyo kuhusu ndoto zake za maisha ni kumtesa. Heroini, yaani unga wenyewe, ina mbadala wake wa kitabibu uitwao methadoni, unaoshika palepale kwenye ubongo ambapo heroini hushika, lakini polepole na kwa muda mrefu, kiasi kwamba dozi moja inatosha kwa siku nzima bila kumlevya aliyeizoea. Daktari Vincent Dole na Daktari Marie Nyswander walianza kuitumia kwa waraibu huko New York katikati ya miaka ya 1960. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki yake Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na Zanzibar ikapata yake Kidongo Chekundu. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha huduma ikafika Pwani.

Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kubadili ulevi kwa ulevi. Siafikiani nao hata kidogo. Anayekunywa dozi yake asubuhi mbele ya muuguzi anaweza kwenda kazini mchana. Anayetafuta kete anatafuta kete tu, siku nzima, kila siku. Tukumbuke pia tulikotoka. Mwaka 2005 watafiti walieleza namna wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakijidunga heroini walivyochangiana damu: aliyetoka kujidunga aliivuta damu yake kwenye sindano, akampa mwenzake asiye na pesa, ili naye apunguze arosto. Walifanya hivyo kwa kuhurumiana, na Virusi vya Ukimwi vilipita katika huruma hiyo. Kliniki ya methadoni ilikuja kuwaondolea wanawake hao ulazima huo.

Methadoni humpa mtu utulivu wa kuweza kukaa na kuongea. Hapo ndipo mshauri anapoanza. Kliniki inayogawa dozi bila kuwa na mshauri imefanya nusu ya kazi, na mteja aliyekuwa anaishi kijiweni atarudi kijiweni, kwa sababu huko ndiko waliko watu wanaomjua kwa jina.

Sahani haikimbiwi

Yule dada tuliyeanza naye ana shida ambayo kaka yake hana. Mraibu wa unga anaweza kuhama mtaa, akafuta namba za simu za wauzaji, akaishi miaka yote iliyobaki bila kuiona kete. Dada atakutana na chakula kesho asubuhi, mchana na jioni. Hawezi kuacha. Analazimika kujifunza upya kuishi na kitu kilekile kinachomtesa, na hapa ndipo mshauri anayetibu maradhi yote mawili anapolazimika kubadili mwendo.

Kosa la kwanza ambalo watu wengi hufanya, hata wenye nia njema, ni kumtibu kama mlevi kwa kumpiga marufuku: usile wanga, usiguse sukari, ukianza hutaweza kuacha. Ili kuelewa kwa nini marufuku hiyo ni mbaya, inabidi turudi Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Novemba 1944. Vita Kuu ya Pili ikiwa inaelekea ukingoni na Ulaya imejaa wenye njaa, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume waliokataa kupigana kwa sababu za imani na wakajitolea kufanyiwa majaribio. Walikuwa wazima wa mwili na akili. Walichaguliwa kwa sababu hiyo. Kwa wiki 24 walipewa nusu hivi ya chakula walichokihitaji, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao.

Yaliyotokea kwenye akili zao ndiyo yanayotuhusu. Walianza kufikiria chakula muda wote. Walisoma vitabu vya mapishi kitandani na wengine wakavikusanya. Walikata mlo wao vipande vidogo, wakautafuna kwa saa nzima, wakailinda sahani kwa viwiko. Hasira zikawa karibu, urafiki ukafifia, hamu ya wanawake ikatoweka. Baadhi walivunja sharti, wakala kwa kupindukia, kisha wakajilaumu vikali. Mmoja alijikata vidole kwa shoka, na mwenyewe hakuweza kueleza kama alikusudia. Kipindi cha njaa kilipokwisha, wapo waliokula kwa wingi wa ajabu kwa wiki nyingi na bado wakajisikia hawajashiba.

Hawakuwa na ugonjwa wa ulaji. Walikuwa na njaa. Dalili ambazo familia huzihesabu kuwa tabia mbaya, wizi wa chakula, ubishi, maringo mezani, kula usiku kwa kujificha, nyingi huzaliwa na njaa yenyewe. Msichana anayeshinda na kikombe cha chai ya kupunguza uzito hadi saa kumi na moja jioni, kisha akala sufuria nzima usiku, hakukosa nidhamu usiku. Mwili wake ulidai deni la mchana.

Gerald Russell, daktari wa London, alieleza ugonjwa wa bulimia, yaani kula kwa kupindukia kisha kujitapisha, kwa mara ya kwanza mwaka 1979, na haikupita miaka mingi Christopher Fairburn wa Oxford akatengeneza tiba ya mazungumzo ambayo hadi leo ndiyo yenye ushahidi mkubwa kwa watu wazima. Kwa mgonjwa ambaye uzito wake haujashuka sana, ni vikao 20 kwa wiki 20. Hatua yake ya mwanzo ni rahisi kusikika na ngumu kutendwa: kula kwa saa maalumu. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, bila kukaa zaidi ya saa nne hivi pasipo kula, uwe na njaa usiwe na njaa, umetapika hukutapika. Mgonjwa huandika alichokula mara tu anapokila, alikuwa wapi, na nini kilikuwa moyoni. Anapimwa uzito mara moja kwa wiki, na mshauri, si kila asubuhi peke yake bafuni. Ndani ya wiki chache za kula kwa mpangilio, ile tamaa ya usiku kwa wagonjwa wengi hupungua sana.

Baada ya hapo ndipo maradhi mawili yanapokutana tena. Mwaka 1985 Alan Marlatt na Judith Gordon waliandika kuhusu kinachotokea mtu aliyeacha anapoteleza mara moja. Kuteleza kwenyewe mara nyingi si janga. Janga ni sentensi inayofuata kichwani: nimeshaharibu, liwalo na liwe. Aliyevuta mara moja baada ya miezi sita anajiambia hivyo na kuvuta wiki nzima. Aliyekula chapati moja aliyojikataza anajiambia hivyohivyo na kumaliza zote. Sentensi ni ileile, na inatoka kwenye ile imani kwamba mtu ni safi kabisa au ni mchafu kabisa, imani ambayo tumemfundisha sisi kwa kumsuta.

Kwa hiyo mtu akirudi na habari ya kuteleza, mshauri mzuri anamshukuru kwa kurudi. Halafu anauliza kuhusu saa moja kabla. Ulikuwa na njaa? Ulikuwa na hasira? Ulikuwa peke yako? Ulikuwa umechoka? Vikundi vya walioacha pombe vimekuwa vikiwafundisha wanachama wao kujiuliza mambo hayo manne, na yanawafaa wagonjwa wa ulaji vilevile. Majibu yanaonyesha mahali pa kufanyia kazi wiki inayofuata. Karipio halionyeshi chochote.

Wembamba wetu na unene wetu

Nimesikia mara nyingi kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Kwetu, watu husema, unene ni dalili ya kutunzwa, na mtu akikonda anaulizwa anaumwa nini. Ni kweli kwamba tangu Ukimwi uingie, wembamba wa ghafla umekuwa na tafsiri ya kutisha. Lakini mwili unaotamaniwa unabadilika haraka kuliko tunavyofikiri. Huko Fiji, ambako mwili mnene uliheshimiwa kwa vizazi, televisheni ilifika mwaka 1995 katika eneo alilokuwa akichunguza mtafiti Anne Becker. Mwaka huo hakukuta msichana aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Mwaka 1998 walikuwa zaidi ya mmoja katika kila kumi. Kwetu picha zinaingia hadi mfukoni.

Tena shinikizo kwetu linavuta pande mbili. Wapo wanaojinyima, na wapo wanaomeza siproheptadini, dawa ya mzio, kwa sababu inaongeza hamu ya kula, wakitumaini makalio yatajaa. Kuanzia Kinshasa hadi pwani yetu vidonge hivyo hununuliwa bila cheti, na huleta usingizi mzito. Mshauri wa kwetu anayemuuliza binti kuhusu kupungua tu, asimuulize kuhusu kunenepa, amesoma kitabu cha nchi nyingine na hakumwangalia aliyeketi mbele yake.

Aulize pia kuhusu funga. Uchunguzi katika shule mbili za sekondari za Ghana, uliochapishwa mwaka 2004, uliwakuta wasichana wachache waliokonda kwa kujinyima chakula, na walilieleza hilo kwa lugha ya dini na kujizuia, bila kutaja hofu ya unene. Funga ya kweli ina mwisho wake jua linapozama, na dini yenyewe imemruhusu mgonjwa asifunge. Lakini anayeogopa chakula anaweza kujificha ndani ya Ramadhani au Kwaresima na akasifiwa kwa uchamungu. Mshauri asiingie hapo peke yake. Amshirikishe shehe au padri ambaye familia inamwamini, ili ruhusa itoke kwa mwenye kuitoa.

Na sinia? Kula pamoja kwenye sinia moja kunaweza kumficha asiyekula, maana nani anahesabu matonge ya mwenzake. Lakini katika jambo hilohilo tuna utajiri ambao London walilazimika kuujenga upya. Katika miaka ya 1980, katika Hospitali ya Maudsley, Russell na wenzake, wakiwemo Christopher Dare na Ivan Eisler, walijaribu tiba ambayo wazazi wa msichana mwenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, badala ya kulaumiwa, wanapewa kazi ya kumlisha nyumbani. Wazazi wanaamua kiasi, wanakaa naye mezani, wanavumilia machozi, hawagombani na mtoto bali na ugonjwa. Kwa wagonjwa wadogo ambao ugonjwa haujakaa muda mrefu, njia hiyo iliyashinda mazungumzo ya mgonjwa peke yake. Familia ambayo bado inakula pamoja haianzii sifuri. Inahitaji kufundishwa tu kuketi karibu na yule binti bila kumwambia lolote kuhusu mwili wake, si kukonda, si kunenepa.

Hapa upole wa mshauri una mpaka. Yule kijana wa unga mara nyingi anaweza kusubiri mpaka nia yake ikomae. Lakini msichana aliyekonda hadi hedhi imekatika, anazimia, mapigo ya moyo yamekuwa ya polepole, hawezi kusubiri, kwa sababu anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi. Anayejitapisha mara kwa mara hupoteza potasiamu, na moyo unaweza kusimama ghafla hata kama uzito wake ni wa kawaida. Aliyekaa na njaa kwa muda mrefu asilishwe nyumbani kwa pupa: mwili unaolishwa ghafla huishiwa fosfeti kwenye damu, na baadhi ya wafungwa waliookolewa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili walikufa baada ya kupewa chakula. Mgonjwa wa hali hiyo anahitaji hospitali, vipimo vya damu na daktari, siku hiyohiyo.

Tanzania na Kenya zimeshathibitisha kwamba zinaweza kujenga huduma ambayo wengi walidai haiwezekani Afrika. Kliniki za methadoni ni ushahidi. Naziomba wizara za afya za nchi zote mbili, na Zanzibar, ziongeze jambo moja dogo kwenye mafunzo ya wauguzi wa kliniki hizo na walimu wa ushauri shuleni: wajue kumuuliza mteja anakulaje, na wafanyeje wakijibiwa kwa ukimya. Nawaomba wenye nyumba za upataji nafuu waviache vikao vya kuwavunja watu. Na wewe unayesoma haya ukiwa na ndugu ambaye jina lake limekujia tangu mwanzo wa makala hii, huduma ya methadoni katika kliniki za Serikali ni bure. Mpeleke, keti naye kwenye foleni, na usimkumbushe alichouza.